Mwache Mgeni Aanze

Nkololo, Bariadi
12 Februari 1995

Kaka Boni,

Shikamoo. Huku tu wazima wote isipokuwa mama, ambaye mguu wake wa kushoto umeanza tena. Yeye anasema ni mvua, mimi nasema ni ubishi, kwa sababu nimemkataza kwenda shambani na kila nikigeuka namkuta ameshika jembe. Mvua yenyewe ni ya kutosha na pamba tumeshaipalilia mara mbili. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume, na mama amempa ndama jina lako. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Si unamwona? Ananyonya, akishiba anaondoka bila kumwangalia mtu." Basi tuna Boni mmoja nyumbani, na huyo angalau jioni anarudi.

Sasa nisikilize. Umesikia kwamba siku hizi ni soko huria na kila mwenye gari anaweza kununua pamba. Kuna kampuni moja kutoka Mwanza inataka kukodi ghala la chama chetu cha msingi cha ushirika pamoja na mzani, kwa misimu mitano. Wakipewa, tutauzia kwao, tutapimiwa na wao, na ufunguo watakaa nao wao. Mkutano mkuu utakuwa Jumamosi tarehe 29 Aprili, na kampuni itamleta mtu wake aseme. Mzee Salu, ambaye bado ndiye mwenyekiti, amesema kwa upande wa wakulima nitasema mimi. Nilimwambia sijawahi kusema mbele ya watu zaidi ya wale kumi wa kikundi chetu cha akina mama. Akanijibu, "Wewe ni mtoto wa Mashimba, karani wetu wa mizani. Nani mwingine aseme habari za mzani?"

Nimeogopa, kaka. Magoti yanalegea nikiwaza tu. Lakini kumbe nina ndugu aliyefundisha viongozi kuhutubia zaidi ya miaka kumi. Nifundishe na mimi. Nianze vipi, nipite wapi, nimalize vipi? Mama anakusalimu na anauliza kama unakula.

Mdogo wako,
Esteria

*

Dar es Salaam
9 Machi 1995

Mdogo wangu Esteria,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana, imechakaa kama imekuja kwa miguu. Mwambie mama ninakula. Mwambie pia kwamba jina la ndama nimelipokea kwa heshima. Watoto wangu hawajambo, wanakusalimu wewe shangazi yao. Mkubwa ameanza kidato cha kwanza na mdogo ana meno mawili mapya. Tangu chuo chetu cha chama tawala kilipofungwa nafanya kazi ndogo ndogo za uandishi kwa watu wa namna mbalimbali. Si haba.

Nimefurahi kuliko unavyodhani. Miaka yote ile niliwafundisha wanaume waliovaa suti za kaunda, na hakuna hata mmoja aliyekiri kwamba magoti yalimlegea. Wewe umeanza na ukweli, kwa hiyo umeshawapita.

Jambo la kwanza ni hili. Hotuba inabeba jambo moja. Watu hawatabeba matano kwenda nayo nyumbani. Litafute hilo moja, uliseme kwa pumzi moja, na kama pumzi inakatika kabla hujamaliza ujue bado hujalipata. Pili, usianze na sera wala tarakimu. Anza na kitu ambacho mtu anaweza kukishika mkononi. Ukiweza, kibebe, kiweke mbele yao. Macho yao yakitua kwenye hicho kitu hawatakuangalia wewe tena, na magoti yako hayatakuwa na kazi ya kutetemeka.

Tatu, na hili ndilo watu wengi hulidharau: jua wasikilizaji wanaogopa nini. Usikisie. Niandikie wazee wanasema nini, wanawake wanasema nini kisimani, nani anaitaka kampuni na kwa nini. Niandikie kila kitu, hata kile unachokiona kidogo. Nikishakijua chote ndipo nitakupangia mifupa ya hotuba yako.

Kaka yako,
Boniventura

*

Nkololo
26 Machi 1995

Kaka Boni,

Shikamoo sana. Mama anaendelea vizuri, mguu umepungua uvimbe kwa majani ya Ng'washi, jirani yetu. Pamba imeanza kutoa maua. Ndama wako amevunja uzio mara mbili.

Nimefanya kama ulivyosema, nimesikiliza. Kaka, watu hawaiogopi kampuni, wameuchoka ushirika. Mwaka juzi pamba ilikaa ghalani mpaka panya wakazalia humo, na gari la kuibeba halikuja. Wanaume wanasema bora mgeni anayekuja na gari. Ila wanawake kisimani wanasema jambo jingine. Ng'washi alisema, "Mimi sijui kusoma mshale wa mzani. Enzi za Mashimba sikuhitaji kujua." Wengine wote wakaacha kuteka maji. Nikajua hapo ndipo penye hofu yao.

Kwa hiyo kitu changu cha kushika ni jiwe la baba. Unalikumbuka, lile la kilo ishirini kamili, lenye alama ya rangi nyekundu. Kila asubuhi ya msimu, kabla ya gunia la kwanza, baba aliliweka kwenye mzani watu wote wakiangalia, na watoto wakapiga kelele, "Ishirini!" Ndipo akaanza kupima. Tangu afariki hakuna aliyeliweka. Liko kwa mama, nyuma ya kihenge cha mtama.

Lakini nitasema zaidi ya hapo. Nitasema habari ya mama kukaza jembe. Unakumbuka alivyoligongesha jembe kwenye lile jiwe ili likazike kwenye mpini, na jiwe likameguka kipande kama ukucha wa kidole gumba. Baba hakugomba. Alilifunga jiwe na kipande chake ndani ya gunia, akalipakia kwenye baiskeli, akaenda nalo Maswa kwenye kinu cha pamba kulipima upya. Likaonekana limepungua. Fundi wa kinu akamjazia madini ya risasi, yaliyoyeyushwa, pale palipomeguka mpaka likarudi ishirini. Siku mbili za baiskeli kwa kipande cha ukucha. Akatuapisha tusimwambie mtu, kwa sababu watu wakijua jiwe limewahi kupungua watalitilia shaka daima. Tumebaki watatu tunaojua: mama, wewe na mimi.

Nilipomwomba mama ruhusa alichambua mboga kwanza mpaka akazimaliza. Halafu akasema, "Sema. Lakini itoke kinywani mwa mtoto wa Mashimba, si mwingine." Baada ya habari hiyo nitauliza: kampuni ikichukua mzani, nani ataupima mzani? Nimelisema swali hilo kwa pumzi moja, haikukatika.

Nafanya mazoezi kwenye mistari ya pamba. Ng'washi amenisikia, anasema pamba itakomaa mapema kwa hofu. Nipangie sasa hiyo mifupa, na uandike haraka maana posta ya kwetu unaijua.

Esteria

*

Dar es Salaam
10 Aprili 1995

Esteria mdogo wangu,

Marahaba. Hapa tu wazima, joto tu. Naandika kwa haraka ili ikufikie kabla ya siku.

Jiwe ni zuri. Nimewahi kusikia hotuba nyingi, na sikumbuki nyingine iliyokuwa na kitu kama hicho. Nilipoisoma barua yako nilikaa nayo mezani muda mrefu.

Mpangilio wako uwe hivi. Salimia kwa Kisukuma, wakuitikie, kwa sababu mtu aliyekuitikia ameshafungua sikio. Usiseme "mimi si msemaji". Simulia safari ya Maswa, polepole, baiskeli waione. Ukifika pale fundi anapojaza risasi, nyamaza. Hesabu moyoni moja hadi tano. Utaona ni muda mrefu mno, utatamani kusema, usiseme. Ndipo uulize swali lako. Baada ya swali, yakubali malalamiko yao kuhusu panya na magari, uyataje wewe kabla hawajakutajia. Mwisho urudi ulikoanza, kwenye jiwe. Ukishamaliza usiombe radhi, usiongeze, usiseme unayo mengi. Kaa chini. Wengi huharibu hotuba nzuri kwa kushindwa kukaa chini.

Jambo moja zaidi. Mzee Salu akikupa nafasi ya kwanza, usikubali. Mwache mgeni aanze. Anayesema wa mwisho ndiye watu wanayekwenda naye nyumbani.

Msalimu mama.

Kaka yako,
Boniventura

*

Nkololo
3 Mei 1995

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima wa mwili.

Nakueleza mkutano ulivyokuwa, na nitaueleza kwa mpangilio kwa sababu umenifundisha.

Tulikaa nje ya ghala, watu wengi kuliko sikukuu. Mama alikaa mbele, kwenye kigoda alichobebewa, jiwe chini ya miguu yake likiwa limefungwa kwa khanga. Mzee Salu akasema, "Esteria, wewe mwenyeji, tuanzie." Nikasimama nikasema, "Mzee, mgeni aanze." Watu waliona ni adabu. Mimi mwenyewe niliona nimekuwa mjanja.

Mtu wa kampuni anaitwa Ngeleja. Kijana mtulivu, shati jeupe, hana hata karatasi. Akasema, "Mwangaluka," tukamwitikia wote. Halafu akasema, "Nataka kuwaambia habari ya jiwe."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akasimulia. Mzee Mashimba, mzani, watoto wakipiga kelele ishirini. Akasimulia jembe. Akasimulia kipande cha ukucha wa kidole gumba, na ukucha ule ni neno langu, kaka, nililitafuta mwenyewe. Akampandisha baba baiskeli, akamfikisha Maswa, akamtoa fundi na risasi yake. Halafu akanyamaza.

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kwenye tano akafungua kinywa. Hapo ndipo nilipojua. 

Akauliza, "Tangu Mzee Mashimba afariki, nani ameupima mzani wenu?" Akawatajia panya. Akawatajia magari. Akasema kampuni italirudisha jiwe la Mashimba, litawekwa kwenye mzani kila asubuhi ya msimu mbele ya watu wote. Akamaliza kwenye jiwe, akakaa chini. Walimpigia makofi mpaka mbwa wakakimbia.

Ikawa zamu yangu. Nilisimama, nikafungua khanga. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hilo tumeshalisikia, mama," na watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikaliangalia jiwe na sikuwa na neno hata moja, kwa sababu yote yalikuwa yamekwisha kusemwa. Nikakaa. Mikono ikanyooshwa. Ghala limekwenda, mzani umekwenda, misimu mitano.

Mama hakunisubiri. Alitembea peke yake na mguu ule. Nilipofika nyumbani alisema, "Tulikuwa watatu. Mmoja yuko mbali na ni mwanamume aliyesoma, hawezi. Umepewa nini, Esteria?" Na si mama peke yake. Ng'washi ananisalimu akiangalia pembeni. Wanasema nilikataa kuanza kwa sababu nilikuwa nimepatana na Ngeleja, halafu nikajifanya nimekosa maneno.

Nakuuliza jambo moja, kwa pumzi moja. Barua yangu ya tarehe 26 Machi ulimpa nani? Andika kwa chama, mistari miwili tu, kwamba siyo mimi. Nitaipeleka mwenyewe kwa Mzee Salu.

Esteria

*

Nkololo
11 Juni 1995

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo. Hujajibu, nami najiambia ni posta.

Kampuni imeanza kununua. Siku ya kwanza nilibeba jiwe mpaka ghalani, maana Ngeleja aliahidi mbele ya watu. Karani wao akaniuliza, "Hilo la nini?" Nikamweleza. Akasema, "Mama, mimi nimetumwa kununua pamba, sikutumwa mawe." Ngeleja hayupo, wanasema yuko Meatu anahutubia. Nikalibeba nikarudi nalo kichwani. Hakuna aliyenisaidia kujitwisha. Ng'washi alikuwa kwenye foleni, nilipopita karibu akalisogeza gunia lake upande wa pili, kama vile nina upele.

Nimelala na mama nyumba moja maisha yangu yote, na sasa anapika chungu chake peke yake. Naumia, kaka. Andika hiyo mistari miwili.

Esteria

*

Dar es Salaam
20 Juni 1995

Mpendwa mdogo wangu Esteria,

Marahaba, mara nyingi. Barua zako mbili zimenifikia pamoja. Hapa nyumbani mkubwa alipata homa lakini amepona. Nimesoma maneno yako nikiwa nimesimama, nikayasoma tena nimekaa.

Kuna mambo mazito kuyaeleza kwa karatasi. Naomba uyatazame kwa upana. Chuo kilipofungwa nilikaa nyumbani mwaka mzima nikiwa na mke, watoto na vyeti. Nilichojua ni kupanga maneno ya watu wengine, na wanaohitaji kupangiwa siku hizi ni wenye makampuni. Ndiyo, hotuba ya Ngeleja niliiandika mimi, kama nilivyokuandikia wewe. Fundi seremala hatengenezi vitanda vya ndugu zake peke yao. Waliponiambia ni Bariadi nilikuwa nimeshakubali kazi, na walitaka kitu cha huko, kitu cha kweli. Nami sikuwa na kitu kingine cha kweli. Hiyo habari ni ya baba yangu pia, Esteria. Na hukunikataza.

Kuhusu nani aanze, shauri lile hupewa kila msemaji.

Mstari wa jiwe kuwekwa mzanini kila asubuhi niliuandika kwa nia njema. Nilidhani watautimiza. Kuandika kwa chama siwezi. Kampuni ikijua nimeandika, kazi imekwisha, na wewe hutapenda wanangu wakose ada. Muda utapita na mama atasahau. Mama zetu husahau. Barua hii usimwonyeshe mtu, ukishaisoma ichome.

Nakupenda kama siku zote.

Kaka yako,
Boniventura

*

Nkololo
30 Julai 1995

Boniventura,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ni nzuri. Ina mwanzo, ina nguzo, inataja malalamiko yangu kabla sijayataja. Imejibu kila kitu isipokuwa mahali pamoja. Nilikuuliza ulimpa nani barua, umejibu. Lakini kuhusu nani aanze, uliandika mstari mmoja ukakimbia. Wewe ulijua tarehe 10 Aprili kwamba Ngeleja atasimama na jiwe la baba, kwa sababu ulishampa. Ukaniambia nimwache aanze. Ningeanza mimi, angekuwa yeye wa kusimama bila neno. Mambo mengine yote ningeweza kuyameza. Ada naielewa. Njaa naielewa. Hili uliliandika kwa mkono ukiwa umekaa, ukamalizia na salamu kwa mama.

Jumamosi tarehe 22 tulikuwa na mkutano. Watu walikuwa wameanza kunung'unika kwamba magunia yanayojaa nyumbani yanafika kwenye mzani yakiwa mepesi. Mzee Salu akauliza nani ana neno. Nikasimama, na safari hii sikumwachia mtu aanze.

Nilisema, "Mwangaluka." Walioitikia walikuwa wachache, Ng'washi hakuwamo. Sikusema mimi si msemaji. Nilikuwa na kitu kimoja mkononi nikakiinua wakione, na kitu chenyewe kilikuwa barua yako. Nikaisoma yote, kuanzia homa ya mtoto. Nilisoma polepole kama ulivyonifundisha. Nilipofika kwenye "hotuba ya Ngeleja niliiandika mimi" nikanyamaza nikahesabu. Ni kweli, ni muda mrefu mno. Kwenye tatu nilimsikia Ng'washi akilia. Kwenye tano nikaendelea. Nikasoma "hukunikataza". Nikasoma "mama zetu husahau". Nikasoma "ichome".

Mama alikuwa mbele, kwenye kigoda kile kile. Unajua hasomi. Alinyoosha mkono nikampa karatasi, akaishika akaigeuza upande na upande. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Huu ni mwandiko wake?" Nikasema ndiyo, mayu. Akaikunja vizuri akanirudishia. Hakulia. Aliomba mkono wangu asimame, na tangu Mei hakuwa amenigusa.

Watu wakaenda kulichukua jiwe, wanaume wanne, wakati mmoja angetosha. Walipofika ghalani karani alikuwa ameshafunga mlango, na ufunguo ni wake. Mkataba ni wa misimu mitano, wote tulinyoosha mikono. Kwa hiyo jiwe liko hapo nje mlangoni, na magunia yamelizunguka, na siku ya nane leo hakuna aliyeuza. Sijui yataisha vipi. Pamba yetu inaweza kuoza zaidi huko nje kuliko ilivyokuwa ikioza ndani. Sijashinda kitu, usije ukaandika mahali kwamba nilishinda.

Nyumbani tunapika chungu kimoja tena. Mama hajataja jina lako tangu siku ile. Juzi jioni nilimsikia akiita ndama zizini, akamwita jina jingine. Nilisimama mlangoni na maji yangu ya kuoga mpaka yakapoa.

Utaona barua hii haina shikamoo. Sikuisahau. Usinijibu.

Ulinifundisha kwamba msemaji akishamaliza asiombe radhi, asiongeze neno, akae chini.

Nakaa chini.

Esteria Mashimba